Nilivyoinasa Betelgeuse ikinywea, kwa kamera ya kuazima na kifuniko cha sufuria

Yule bwana wa duka la kamera, nilipomwambia nataka kupiga picha ya asteroidi, yaani mwamba wa angani, ikipita mbele ya nyota, alinitazama kuanzia viatu hadi kofia. Akasema kama sina darubini ya maana, mota ya kuifuata nyota na kamera maalumu ya video, nisijisumbue, nilale tu. Bei aliyonitajia ilikaribia mishahara yangu ya miezi minne, na mimi kazi yangu ni jikoni, hotelini hapa Málaga, kumenya vitunguu na kusugua masufuria. Nikamshukuru, nikatoka. Picha ninayo. Kwa hiyo yanayofuata yana majivuno ndani yake, mnisamehe mapema.

Jambo lenyewe ni hili. Usiku wa kuamkia Jumanne, tarehe 12 Desemba 2023, asteroidi iitwayo Leona, ya 319 katika orodha, ilikuwa ipite mbele ya Betelgeuse, ile nyota nyekundu ya begani mwa Jabari, kundi la nyota ambalo Wazungu huliita Orion. Leona si kitu kikubwa. Ni mwamba usiofika kilomita mia, uliogunduliwa mwaka 1891 na Auguste Charlois kule Nice, Ufaransa. Mwamba wa namna hiyo ukiifunika nyota, kivuli chake hukimbia juu ya dunia kama kivuli cha ndege juu ya shamba. Uko ndani ya njia ya kivuli, unaona. Uko nje, nyota inawaka kama kawaida na baridi inakupiga bure. Safari hii kivuli kilitokea Asia, kikaja Uturuki, Ugiriki, kusini mwa Italia, Hispania ya kusini, kikavuka Atlantiki hadi Florida na Mexico. Mimi ni mtu wa Tanga niliyeletwa Málaga na riziki, na kivuli kikaamua kupita mwendo wa saa mbili kutoka kitandani kwangu. Ningelalaje?

Lakini nianze na aibu ya Septemba, maana bila hiyo nisingejifunza kitu.

Tarehe 13 Septemba mwaka uleule, Leona hiyohiyo ilipita mbele ya nyota nyingine, hafifu sana, na kivuli kikapita huku kwetu. Wanaastronomia wa ridhaa na wataalamu walijipanga kuupima mwamba kabla ya ile siku kubwa ya Desemba. Kila mmoja anaandika nyota imezimika saa ngapi na imerudi saa ngapi, halafu nyakati za wote zinapangwa pamoja na umbo la mwamba linajitokeza, kama watu wanaopapasa ng'ombe gizani kila mmoja sehemu yake. Walipata umbo la yai, kama kilomita 80 kwa 55. Nami nilitaka jina langu liwemo. Nilikuwa nimenunua darubini kuukuu kwa mtu aliyekuwa anahama, euro sitini hivi, pamoja na stendi iliyofungwa kwa gundi ya karatasi. Nikapanda nayo kwenye paa la jengo letu, pale wanapoanika nguo.

Kuitafuta nyota hafifu katikati ya taa za Málaga ni sawa na kutafuta punje ya chumvi kwenye sukari. Nikaipata moja. Nikajiambia ndiyo hiyo. Niliikodolea jicho mpaka machozi yakanitoka, huku nikiisukuma darubini kidogo kidogo kwa kidole kila nyota ilipotaka kunitoroka, maana mota sina. Mara ikazimika! Puu! Nilipiga ukelele, nikaandika saa, dakika na sekunde, mkono unatetemeka. Nikahesabu sekunde nne, tano, sita... ikapita dakika, nyota hairudi. Nikainua uso. Mbele yangu kulikuwa na shuka la jirani wa ghorofa ya tatu, lile la maua ya zambarau, limening'inia kwenye kamba. Nyota ilikuwa imezama nyuma ya shuka, taratibu, kama zinavyozama nyota nyingi, na mimi niliisindikiza kwa kidole changu mwenyewe.

Mngedhani hadithi inaishia hapo. Hapana, niliituma ile ripoti. Nilijiambia labda ilizimika kweli sekunde moja kabla ya shuka. Aliyeipokea alinijibu kwa adabu sana kwamba wakati wangu unatangulia kivuli kwa dakika arobaini.

Basi Desemba nikajipanga kivingine. Uzuri wa Betelgeuse ni kwamba haihitaji kutafutwa. Hata mtoto anaiona, hata chini ya taa za mji, hivyo darubini ile nikaiacha nyumbani na sikuikumbuka. Ugumu wake ni mwingine. Kwanza nyota hiyo inang'aa mno hata kwa Gaia, chombo cha Ulaya kilichokuwa kikipima mahali pa nyota, kwa hiyo njia ya kivuli haikujulikana kwa uhakika kama ilivyozoeleka, na kukaa karibu na mstari wa katikati kukawa jambo la busara. Wenzangu kazini walinihakikishia kwamba popote Andalusia nitaona. Msisikilize maneno hayo, fungueni ramani. Mstari ulipita upande wa Córdoba. Málaga ni mbali kusini.

Pili, nyota nyingine ukiziangalia kutoka hapa ni nukta, huzimika ghafla kama taa ya umeme wa mgao. Betelgeuse ni jitu, ina duara. Rafiki yangu ninayeishi naye ni Mkenya wa Diani, na yeye ndiye mwenye gari, kwa hiyo ilibidi nimweleze vizuri. Nikamwambia: mtu ashike sarafu ya euro moja pale Diani, wewe uitazame ukiwa Tanga. Ukubwa huo ndio ukubwa wa Betelgeuse angani. Na Leona ni karibu hivyohivyo. Kwa hiyo sarafu inapita mbele ya sarafu, na huenda pembeni kukabaki ukingo wa mwanga, kama jua linapopatwa kipete.

"Sasa nyota ikizimika, wewe yakuhusu nini?" akaniuliza.

Nikamwambia mafuta ya gari juu yangu. Akavaa viatu.

Kamera niliazima kwa mhudumu mmoja wa hotelini anayepiga picha za harusi, pamoja na lenzi ndefu ya milimita 200. Nilikuwa nimejaribu simu wiki nzima na simu ilinifedhehesha. Ukiweka hali ya usiku, inajifanya ina akili, inasafisha picha, na nyota yangu ikasafishwa pamoja na uchafu. Ukiweka video, kila nyota inapofifia kidogo simu inaongeza mwanga yenyewe, kwa hiyo hata ingezimika nusu nisingejua. Kama huna ila simu, tafuta programu inayokuruhusu kufunga mwanga usibadilike, la sivyo tazama kwa macho.

Ujanja wangu ulikuwa huu, na ndiyo sehemu ninayojivunia. Kutokuwa na mota kulikonitia aibu Septemba, nikakugeuza kuwa kalamu. Ukiisimamisha kamera tuli na kuiacha wazi kwa dakika kadhaa, nyota inasogea na kujichora mstari kwenye picha. Sekunde baada ya sekunde, mstari mmoja. Nyota ikififia, mstari unakonda pale pale. Kamera yenyewe inakuandikia historia, huhitaji video wala kompyuta.

Shida ikabaki wakati. Mstari bila saa ni uzi tu. Nikaona nikiziba lenzi kwa sekunde tatu katika wakati ninaoujua, patatokea pengo, na mapengo ndiyo alama zangu za saa. Jaribio la kwanza nilitumia kofia yangu, ile ya kushonwa kwa mkono aliyonipa mama. Nikaona mstari haukatiki sawasawa. Nilihangaika siku mbili kabla ya kukumbuka kofia ya kiua ina vitobo! Mwanga ulikuwa unapenya kwenye nakshi. Basi nikachukua kifuniko cha sufuria jikoni kwetu, cha alumini, kina kishikio, kinaziba kila kitu na hakigusi lenzi. Kwa saa nilitumia programu ya simu inayosoma wakati kutoka setilaiti za GPS, ikilia kila sekunde. Mlio, kifuniko, moja mbili tatu, toa. Nilifanya mazoezi barazani mpaka jirani wa shuka akafunga dirisha.

Hapa niseme kitu kuhusu saa. Taarifa zote zilikuwa kwa saa ya kimataifa, saba na robo ya usiku kwa hesabu yetu. Hispania wakati wa baridi unaongeza moja, ikawa saa nane na robo usiku. Mhispania mmoja kazini, mpenzi wa mambo haya kuliko mimi, alisoma "Desemba 12, usiku" na akatoka na viti na kahawa Jumanne jioni, kivuli kimeshapita karibu siku nzima. Kiswahili kina "usiku wa kuamkia", huwezi kukosea.

Tulikwenda Almodóvar del Río, mji mdogo ukingoni mwa mto Guadalquivir, una ngome juu ya kilima. Tuliegesha nje ya mji kando ya mashamba. Mwezi haukuwepo kabisa, ulikuwa kwenye siku zake za giza. Baridi ilikuwa ya kukata masikio na umande wa mtoni ukaanza kuipaka lenzi. Nilikuwa na chupa ya maji ya moto kwa ajili ya chai. Nikaiviringisha soksi na kuifunga kando ya lenzi kwa mpira wa nywele. Ikakauka. Chai hatukunywa. Vimondo vya Desemba vilikuwa vinakaribia kilele chao, na mwenzangu kila baada ya muda anasema "Mwaona hiyo!" wakati mimi nimeinamia skrini, sijaona hata kimoja.

Betelgeuse ilikuwa juu sana upande wa kusini, ikabidi nilale chali kwenye majani mabichi ili niione kwenye kioo cha kamera. Nilirudisha fokasi nyuma kidogo tu, nyota ivimbe isiunguze picha. Tundu la lenzi nikalibana hadi f/8, wepesi wa kamera kwa mwanga ISO 100, na kamera wazi kwa dakika tatu mfululizo, nikianza dakika moja na nusu kabla ya wakati uliotabiriwa. Mayai yote kwenye kapu moja, najua. Niliogopa nikikata picha fupifupi, kivuli kitaponyoka katikati ya picha mbili.

Nikabonyeza. Kifuniko, sekunde tatu, toa. Baada ya hapo hakuna cha kufanya ila kutazama kwa macho.

Nilidhani nitaitambua kwa ghafla. Haikuwa hivyo. Ilianza kunywea kama utambi uliokosa mafuta. Ule wekundu ukapungua, Rigel, nyota ya mguuni mwa Jabari kule chini, ikaonekana imebaki yenyewe, na bega la Jabari likawa kama la mtu aliyeshusha mkono. Haikuzimika. Nasisitiza, kwa sababu kuna watu walisimulia kwamba ilipotea kabisa. Ilibaki nyota dhaifu, imekaa hivyo muda wa pumzi chache, halafu ikajaa tena taratibu. Mwenzangu, aliyekuja kwa ajili ya mafuta ya bure, alinishika mkono kwa nguvu. "Imenywea," akasema kwa sauti ya chini. "Wallahi imenywea." Nikakaribia kusahau kifuniko cha mwisho. Niliwahi.

Picha ilipotokea kwenye kioo nilikuza, nikakuza tena. Mstari wa rangi ya chungwa, pengo langu la mwanzo safi kama limekatwa kwa wembe, pengo la mwisho limepinda kidogo kwa sababu mkono ulitetemeka. Na katikati, mstari unakonda kama kiuno cha nyigu, kingo zake zimelainika pande zote mbili, hakuna mkato. Ule ulaini ndio duara la nyota lenyewe, likifunikwa na kufunuliwa kidogo kidogo. Nilipopima nilipata kati ya sekunde nane na kumi na mbili, inategemea unaanza kuhesabu pale ulipoanza kukonda au ulipokonda hasa.

Gharama? Mafuta, chakula cha njiani, na keki ya kumshukuru mwenye kamera. Euro sabini hivi, labda themanini ukihesabu kifuniko, maana nilikisahau shambani na ikabidi nikinunue kingine kabla mpishi mkuu hajauliza.

Nilikuwa nimemtumia mama ujumbe mapema, kwamba akiamka kwa sala za usiku atoke uani atazame upande wa magharibi, ile nyota nyekundu karibu na zile tatu zilizojipanga. Tanga ilikuwa saa kumi na robo alfajiri na mbingu imefunguka. Tukiwa njiani kurudi, sauti yake ikaingia kwenye simu. "Mwanangu, nimesimama pale uani hadi miguu ikaniuma. Nyota yako nimeiona, haikutikisika hata kidogo. Labda ni huko kwenu tu."

Mwenzangu alicheka mpaka akapunguza mwendo. Fomu ya ripoti ina nafasi pia kwa walioangalia na wasione badiliko, kwa sababu nao wanasaidia kuonyesha kivuli kinaishia wapi. Niliijaza ya kwangu kwanza, nikaeleza kifuniko na vipimo vyake. Kisha nikajaza ya pili: Tanga, macho matupu, anga safi, nyota haikutikisika.