Kamba ya vibanio

Mwanangu alipofika miaka mitano, daktari alinitajia neno usonji, hali ya ubongo inayomfanya mtoto awasiliane na kuchangamana na watu kwa namna tofauti. Kwetu halikuwa likijulikana: mama mkwe alishasema mtoto kachezewa, majirani wakasema namdekeza. Shule ya kwanza walimvumilia wiki tatu, wakaniambia nibaki naye nyumbani "mpaka atulie". Mwaka mzima akawa anazungukazunguka uani, na yale maneno manne matano aliyokuwa nayo yakapotea. Mwaka huo unaniuma mpaka leo.

Tukapata shule ya serikali yenye kitengo cha elimu maalumu. Mwalimu alianza na mimi: "Mama, asubuhi anaanza na nini, kisha kinafuata kipi?" Sikuwa na jibu. Siku moja uji kabla ya kuoga, siku nyingine anaamshwa bajaji ikishapiga honi mlangoni.

Nikakata boksi la sabuni, nikachora: mswaki, kikombe cha uji, shati, bajaji, darasa, nyumba. Nikavibana kwenye kamba kwa vibanio vya nguo. Akimaliza jambo, anachomoa kipande na kibanio chake, anatupia kwenye kopo la maziwa. Nadhani ule mlio, ka!, ndio uliomkamata, maana nyumba niliyochora ilifanana na kuku.

Nyumbani akaanza kutulia. Shuleni bado alikuwa akigonga kichwa ukutani, hadi mwalimu alipoomba seti ya pili, akatundika kamba kama ile darasani, na akawa anamtoa nje kabla ya kengele. Na mama mkwe, yule aliyesema mtoto kachezewa, siku hizi mgeni akigusa kamba anamfokea.

Nilisoma habari za Donald Triplett wa mji wa Forest, Mississippi, Marekani, mtoto wa kwanza katika maandishi ya 1943 ya daktari Leo Kanner kuhusu usonji. Wazazi walimpeleka kituoni akiwa mdogo, kisha wakamrudisha nyumbani. Alimaliza chuo, akafanya kazi benki, akafariki 2023 akiwa na miaka 89. Benki yenyewe ilikuwa na mkono wa familia yake, sawa. Sisi tuna mjomba mwenye duka la mayai.

Ndiko aliko mwanangu sasa, miaka 16, maneno bado ya kuhesabu. Anapanga mayai 30 kila trei, havunji hata moja. Kasheshe ni mteja wa mayai matano: trei ikipungua, hauzi. Mjomba wake kamchorea kipande kipya, trei yenye mashimo. Jana aliuza mayai sita, kisha akasimama pale pale akiyakodolea macho yale mashimo mpaka yalipojazwa.