Kumfuata Jacob Epstein: Kutoka Strand Hadi Coventry

Ukitoka kituo cha treni cha Charing Cross, London, ukaifuata barabara ya Strand kidogo tu, unafika kona ya Agar Street. Jengo la pale ni ubalozi wa Zimbabwe. Watu wanapita chini yake wakiwahi mabasi. Mimi nilivuka nikasimama ng'ambo, nikainua macho hadi usawa wa ghorofa ya pili. Kati ya madirisha zimesimama sanamu 18 za mawe, kila moja kubwa kuliko mtu wa kawaida. Hakuna hata moja iliyo nzima. Nyuso zimekatwa, mikono imeondolewa, na sehemu za siri zimebaki makovu. Mmoja amebakiwa na kifua na mapaja tu, na pale palipokuwa na kichwa pametokeza bonge la jiwe lisilo na jicho wala mdomo.

Nimekulia Mwenge, Dar es Salaam, kwenye vibanda vya vinyago. Baba alichonga mpingo maisha yake yote. Mimi kazi yangu ni kuuza. Kwa hiyo kinyago kilichovunjika nakijua, na najua pia tofauti ya kilichoanguka na kilichovunjwa kwa makusudi. Hizi zilivunjwa.

Aliyezichonga ni Jacob Epstein, Myahudi aliyezaliwa New York mwaka 1880, mtaa wa Hester Street, kwa wazazi wahamiaji kutoka Poland. Familia ilipopata nafuu ikahamia mtaa mzuri zaidi, lakini kijana alipanga chumba kulekule Hester Street ili aendelee kuchora wachuuzi, wazee na mafundi wa pale. Michoro hiyo ilitumika katika kitabu, na malipo yake yakampeleka Paris mwaka 1902. Mwaka 1905 akahamia London. Muda si mrefu msanifu majengo Charles Holden akampa kazi ya jengo hili, ambalo wakati huo lilikuwa la Chama cha Madaktari cha Uingereza. Hakuwa ametimiza miaka 30.

Alichonga maisha ya mwanadamu tangu kuzaliwa hadi uzee, watu wakiwa uchi, na mwanamke mjamzito miongoni mwao. Mwaka 1908 magazeti yalichachamaa. Mbele ya jengo palikuwa na ofisi za chama cha kulinda maadili, na wenyewe walikuwa wakizitazama sanamu kutoka madirishani mwao. Askofu wa Stepney, Cosmo Lang, alipanda kwenye majukwaa ya mafundi akazikagua kwa macho yake, akashuka akasema hakuona ubaya wowote. Sanamu zikapona.

Zikapona kwa muda. Katika miaka ya 1930 jengo lilichukuliwa na serikali ya walowezi wa Rhodesia ya Kusini, yaani Zimbabwe ya leo, ambayo tangu mwanzo ilitaka sanamu ziondoke. Mchoraji Walter Sickert alijiuzulu kwenye chuo cha kifalme cha sanaa mwaka 1935 kwa sababu rais wa chuo hicho alikataa kuzitetea. Mwaka 1937 vipande vya mawe yaliyoliwa na mvua na moshi wa jiji vilianza kudondoka, na hiyo ndiyo sababu waliyokuwa wakiisubiri. Kila kilichochomoza kikapigwa nyundo. Jiwe bovu linaweza kuzibwa, linaweza kufungwa kwa vyuma, linaweza hata kushushwa likahifadhiwa. Fundi yeyote wa Mwenge angekwambia hivyo. Waliamua kuzikata nyuso na kuwaachia wapita njia miili iliyobaki. Sasa bendera ya Zimbabwe huru inapepea kwenye jengo lilelile, na niliposimama pale nilitamani siku moja Wazimbabwe, ambao kuchonga mawe wanakujua kuliko wengi duniani, wapewe nafasi ya kusema nini kifanyike.

Nilikaa pale karibu asubuhi nzima.

Kutoka Strand nilitembea kupitia bustani ya St James's Park hadi jengo namba 55 Broadway, yaliyokuwa makao makuu ya reli ya chini ya ardhi. Hapo, mwaka 1929, Epstein alichonga sanamu mbili kwenye jiwe la jengo lenyewe, juu ya viingilio: Usiku, mwanamke mwenye umbo kubwa aliyempakata mtu aliyelala, na Mchana, baba mwenye uso mkali na mtoto amesimama kati ya magoti yake, akimgeukia. Zimekaa chini kiasi kwamba unaona mikwaruzo ya patasi. Kelele zilirudi upya. Mkurugenzi, Frank Pick, alikuwa tayari kuacha kazi kwa ajili yake. Mwishowe Epstein alikubali kupunguza inchi moja na nusu kwenye uume wa yule mtoto, na mambo yakatulia. Miaka minne kabla, kazi yake iliyopo Hyde Park, iitwayo Rima, ilikuwa imepakwa rangi ya kijani usiku. Waliomtukana mara nyingi hawakuishia kwenye jiwe. Waliutaja na Uyahudi wake.

Parliament Square ni karibu, na sikukaa sana. Jenerali Smuts wa Afrika Kusini amesimama pale kwa shaba, kazi ya Epstein ya mwaka 1956, amejiinamisha mbele kama anayetembea dhidi ya upepo. Huyu ndiye aliyeongoza majeshi ya Waingereza dhidi ya Wajerumani katika ardhi yetu mwaka 1916, vita ambavyo wapagazi wa Kiafrika walikufa kwa makumi ya maelfu kwa njaa na maradhi. Nilimwangalia kwa ajili ya mwendo wa miguu tu, ambao umechongwa vizuri, nikaondoka.

Tate Britain, jumba la sanaa, kiingilio ni bure. Mlinzi alinielekeza bila kuangalia ramani. Yakobo na Malaika ni bonge la alabasta, jiwe laini la kuchongea, lenye urefu wa zaidi ya mita mbili, lenye mishipa ya kahawia na waridi inayopita mwilini kama damu. Epstein alilichonga mwaka 1940 na 1941, mabomu yakiwa yanadondoka London na Wayahudi wa Ulaya wakiwindwa. Kisa tunakijua kutoka kitabu cha Mwanzo: mieleka ya usiku kucha, nyonga iliyoteguka, na Yakobo anayekataa kumwachia mpaka abarikiwe. Mchongaji naye jina lake ni hilohilo. Lakini hapa mieleka imekwisha. Yakobo ameishiwa nguvu, mikono inaning'inia, kichwa kimelala nyuma, na malaika amemkumbatia kwa nguvu hivi kwamba vidole vimezama mgongoni. Nilizunguka nyuma. Mabawa ni mabamba mawili mazito, yamesimama wima.

Kazi hii ilinunuliwa na watu wa maonyesho ya sanamu za nta kule Blackpool, mji wa mapumziko ufukweni, wakawatoza watu pesa waje kuicheka pamoja na vioja vingine. Ilipata makao Tate mwaka 1996, zaidi ya miaka 30 baada ya mchongaji kufa. Nimeona kazi nzuri za watu wetu zikiuzwa kwa watalii kwa bei ya chakula cha mchana, kwa hiyo jambo hilo liliniuma.

Mabawa yale mazito na magoti yale yaliyokunjwa yana asili yake. Epstein alipokwenda Paris kusimika kaburi la mwandishi Oscar Wilde, ambalo alilikamilisha mwaka 1912, alikutana na wasanii Picasso, Modigliani na Brancusi, na akaanza kununua sanaa ya Kiafrika. Hakuacha hadi kufa. Mkusanyiko wake, wa Afrika na sehemu nyingine za dunia, ulipita vipande 1,000; kuna vichwa vya Wafang wa Gabon ambavyo alivipenda kuliko vyote. Alivisoma kama mwanafunzi, na alisema wazi kwamba ni sanaa kubwa, wakati ambapo wengi Ulaya waliviita vitu vya washenzi. Namheshimu kwa hilo. Hata hivyo majina ya waliovichonga hayakuandikwa na mtu yeyote, na mchonga kinyago wa Gabon alistahili jina lake ukutani sawa na Epstein.

Jioni nilipanda treni kwenda Coventry kwa mjomba, ambaye ni dereva wa basi mjini humo. Asubuhi alikuwa na mapumziko, akanisindikiza hadi kanisa kuu. Lile la zamani lilichomwa na mabomu ya Wajerumani usiku wa Novemba 14, 1940, na magofu yake yameachwa. Jipya limejengwa ubavuni, na kwenye ukuta wake wa nje, juu ya ngazi, Malaika Mikaeli wa shaba amefungua mikono na mabawa, mkuki mkononi, na Shetani amelala chini yake, pembe kichwani, amefungwa minyororo.

Msanifu Basil Spence alipomtaja Epstein, mjumbe mmoja wa kamati alisema, lakini huyo ni Myahudi. Spence akajibu kwamba Yesu naye alikuwa Myahudi. Kazi akapewa.

"Mjomba, umewahi kumtazama vizuri huyu Shetani?"

"Napita hapa kila siku na abiria, mjomba. Macho yangu barabarani." Akakaa kimya akimwangalia. "Mbona ana sura ya mtu?"

Nikamwambia hata mashetani ya Wamakonde, yaliyoanza kuchongwa Dar es Salaam miaka hiyohiyo ya 1950, yana macho ya watu. Ni viungo tu vinavyokwenda kombo. Yeye akakataa. Alisema la Kimakonde linakuchekesha na kukutisha kwa pamoja, lakini huyu wa shaba anasikitisha, na malaika hamwangalii hata kidogo. Tulibishana mpaka kwenye ngazi za chini.

Akauliza kama mzee Epstein alifurahi alipoiona ukutani. Hakuiona. Aliimaliza 1958, akafariki Agosti 1959, na pazia lilifunguliwa mwaka 1960 mjane wake akiwepo. Siku aliyokufa alikuwa ameshinda kwenye kazi nyingine: baba, mama, mtoto na mbwa wakikimbilia bustanini, na Pan, mungu wa porini wa Wagiriki wa kale, akiwafukuza kwa filimbi.

"Hiyo iko wapi?"

"Hyde Park, lango la Edinburgh Gate. Jana sikuwahi."

Mjomba akatoa simu kuangalia zamu zake. Jumamosi yuko huru, na tiketi za asubuhi ni nafuu.