Kumbukumbu ya mradi: mashujaa wanne, kijaluba cha namba na maji ya bamvua

Hali ilivyo sasa katika mchezo wetu wa kusimulia: mashujaa wanne wamo chini ya ngome, maji yako magotini, na lango la chuma lililo mbele yao limekataa kufunguka. Naandika kabla hatujakutana tena Jumamosi, maana nikichelewa zitazuka kesi za nani alibaki na kamba.

Kwa asiyeujua mchezo huu: watu huketi pamoja, kila mmoja na shujaa wake, na msimulizi (hapa ni mimi) huwaeleza walipo kisha huwauliza, "Haya, mwafanya nini?" Jambo likiweza kwenda hivi au vile, dadu huamua. Mchezo ulioanzisha aina hii ni Dungeons & Dragons, uliotoka Marekani mwaka 1974. Vitabu vyake vikuu vya leo vina mamia ya kurasa, na baraza letu la Kibokoni, Mombasa, halina subira hiyo. Tulichukua kanuni za mwanzo za 2014, zile zilizotolewa bure, kisha nami nikazipunguza tena.

Kazi za mashujaa ziko nne tu, nazo nimeziacha zote. Jirani yetu anayeshona kanzu ni mpiganaji, shemeji ni mganga, ami yangu ni mchawi. Binti wa binamu yangu alipewa mwizi, akagoma kuitwa mwizi mbele ya babu yake (ndiye huyo ami), basi kwetu anaitwa mjanja. Shujaa mzima anatosha nusu ukurasa wa daftari: zile sifa sita (nguvu, wepesi, ustahimilivu, akili, busara na haiba), pointi za uhai, silaha, na kitu kimoja anachokiogopa. Uzito wa mizigo nimeufuta. Orodha ndefu ya uganga nayo nimeifuta, mchawi ana uganga wa aina tatu na zinamtosha. Pointi za kupandia ngazi, 300 kwa ya pili na 900 kwa ya tatu, sizihesabu. Sura ikiisha, wote wanapanda.

Mchezo unataka dadu ya pande ishirini, nasi hatuna. Za ludo zimejaa kila duka, lakini hizo zina pande sita. Tumeandika namba 1 hadi 20 kwenye vipande vya kadi na kuvitia ndani ya kijaluba cha zamani cha tambuu. Unatikisa, unachomoa, unaongeza nyongeza yako (namba ya ubingwa wa shujaa wako), unalinganisha na ugumu: 10 kwa jambo jepesi, 15 kwa la kati, 20 kwa zito. Mwenye nafuu, yaani aliyepata jambo la kumsaidia, anachomoa viwili na kushika kilicho kikubwa. Kwa hesabu kamili inafaa urudishe kipande cha kwanza kabla ya kuchomoa cha pili. Sisi haturudishi. Nimepiga hesabu, tofauti ni kama asilimia moja hivi, haifai kugombania.

Mahali ndipo nilipotumia muda mwingi. Kisiwa ni cha kubuni, lakini ngome nimeichora nikiitazama Fort Jesus, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 juu ya mwamba wa matumbawe. Mzingiro wa Waomani, ule wa 1696 hadi 1698, nimeuiba mzima: ndani wana njaa na maradhi, nje majahazi yametia nanga. Mashujaa wanapeleka barua kwa mtu aliye ndani, na njia ni pango la baharini ambalo maji yakijaa halipitiki. Pango ni langu, msiende kulitafuta.

Hapo ndipo nilipoona kwa nini kanuni fupi zinatosha. Ningewapeleka kwenye milima ya theluji, kila hatua ingetaka kanuni: baridi inaua baada ya muda gani, barafu inabeba watu wangapi. Kwa maji ya pwani sikuwaeleza lolote. Nilisema tu kwamba mwezi ni mpevu, ami akaweka kikombe cha kahawa chini.

"Mwezi mpevu ni bamvua. Maji yapwa mpaka saa nne usiku. Tukiingia saa tatu, twapata nafasi ya kwenda na kurudi. Tukiingia saa sita, twatafuta kufa."

Bamvua hapa kwetu maji hupanda zaidi ya mita tatu, na mezani hakuna aliyehitaji kuambiwa maana yake. Nikapanga simbi (kauri) kumi mstarini. Kila tendo linakula moja, zikiisha pango limejaa.

Simbi nne ziliondoka katika kubishana na mlinzi aliyelala. Langoni, mjanja ana nyongeza ya 5 na ugumu ni 15, kwa hiyo anahitaji 10 au zaidi, asilimia 55. Akauliza, "Babu, ile taa yako si ya mafuta ya nazi?" Akamimina mafuta yote kwenye kufuli lenye kutu. Nikampa nafuu, karibu asilimia 80 sasa, na taa imezimika. Akachomoa 4. Akachomoa 9. Fundi kanzu alishika kichwa. Nikaondoa simbi ya tano, nikasema maji yamefika magotini, na hapo ndipo tulipoishia.

Jumamosi huenda mtu akaanguka, kwa hiyo nimebadili kanuni ya kufa. Ya asili inamtaka aliyeishiwa uhai atupe dadu mpaka afaulu mara tatu au ashindwe mara tatu. Yetu: mwenzake amfikie kabla simbi tatu hazijaondoka. Zikiwa zimebaki mbili, ndiyo basi.

Wakitoka salama watafukuzwa baharini, na kanuni ya jahazi bado naiandika. Kimbilio lao liko kaskazini na upepo ni kaskazi, unawapiga usoni, kwa hiyo itabidi wabishe, yaani waende kwa kupinda huku na huku dhidi ya upepo. Kila mbisho utakula simbi moja, nahodha achomoe dhidi ya 10 kwenye kina kirefu na dhidi ya 15 karibu na mwamba. Ami anadai 15 ni kidogo. Nitamwachia yeye usukani tuone.