Kaseti ya Remmy katika mgahawa wa shangazi

Mpwa wangu alirudi likizo kutoka Dar es Salaam, na alipotueleza kwamba siku hizi amepanga Sinza, pale kwa Remmy, mdogo wake akataka kujua huyo Remmy ni nani na kama ana duka mahali hapo. Nilimjibu kwamba alikuwa mwanamuziki, mzaliwa wa Kongo wa mwaka 1947, aliyekuja Dar es Salaam mwaka 1978 kupiga na Orchestra Makassy, kisha akaiongoza Super Matimila, akawa mtu mkubwa mjini hata kituo cha daladala kikabaki na jina lake. Mtoto aliridhika akaenda kucheza. Mimi sikuridhika na jibu langu, kwa sababu Remmy Ongala ninayemkumbuka si wa Sinza, ni wa Makambako, ambako sidhani kama alijua kwamba sauti yake iliwahi kuwagombanisha watu wazima usiku mmoja wa baridi.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakati Makambako ingali katika mkoa wa Iringa. Mgahawa wa shangazi ulitazama barabara kuu iendayo Zambia, si mbali na pale inapochepuka barabara ya Njombe na Songea, kwa hiyo madereva wa malori ya Tunduma walikuwa wateja wake wa kila siku. Mmoja wao, mcheshi aliyependa kutuamkia kwa "kamwene" ingawa kwao ni pwani, ndiye aliyetuletea kaseti yenye wimbo wa Mambo kwa Soksi. Radio Tanzania haikuupiga wimbo huo, kwa kuwa Remmy aliwahimiza watu kutumia kondomu wajikinge na UKIMWI, kwa hiyo ulisambaa kwa kaseti za kurekodiana, kutoka mkono hadi mkono, na sisi tuliusikia kwa sababu tu lori lilipita.

Ulipoanza kupigwa, mwalimu mmoja aliyezoea kula pale aliweka kijiko chini.

"Mama, naomba hiyo izimwe. Kuna mtoto hapa."

Mtoto mwenyewe nilikuwa mimi, nikipepea jiko la mkaa. Dereva akamwambia kwamba Remmy hatukani mtu, anaonya. Mwalimu hakuwa mtu wa kupinga muziki. Alizifahamu nyimbo za Matimila kuliko wengi waliokuwa pale, na alisema kwa uchungu kwamba mtu aliyetunga Siku ya Kufa na Mnyonge Hana Haki, nyimbo ambazo mzazi angeweza kuzisikiliza akiwa na wanawe, hakupaswa kujishusha kiasi hicho.

"Ni Remmy yuleyule, mwalimu," dereva akajibu. "Jana aliimba kifo, leo anaimba kinachotuua. Mimi nimezika madereva, nimezika na matingo wao. Wewe ungetaka aimbe nini?"

Hapo shangazi alitoka jikoni. Mikono yake ilikuwa na unga wa chapati hadi kwenye viwiko, naye akaifuta kwenye khanga polepole, kidole kimoja baada ya kingine, kana kwamba hana haraka na lolote. Nilijua anakwenda kuizima redio. Kitufe cha kurudisha kaseti nyuma kilikuwa kimevunjika siku nyingi, tukawa tunakisukuma kwa mpini wa kijiko. Akachukua kijiko kwenye meza ya mwalimu, akakisukuma, kaseti ikalia kwa sauti nyembamba hadi ikafika mwanzo, na wimbo ukaanza upya. Akausikiliza wote akiwa amesimama. Chapati iliyokuwa jikoni iliungua, harufu yake ikatufikia sote, na hakuna aliyethubutu kumkumbusha.

Ulipokwisha alisema, bila kupaza sauti, "Mwalimu, kaka yangu tulipomzika kule Makete niliambiwa ni malaria. Shemeji niliambiwa ni kifua. Mdogo wangu wakasema amerogwa. Huyu ndiye mtu wa kwanza kuutaja ugonjwa wenyewe ndani ya nyumba yangu."

Mwalimu aliinamisha kichwa. Baada ya muda akauliza, na nadhani aliuliza kwa dhati kabisa, ni nani basi atakayetueleza watoto maana ya maneno yale. Watu walitazamana. Shangazi alirudi jikoni, dereva akalipa akaenda zake Tunduma, na kaseti ikabaki kwetu.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2011/2012 ulionyesha kwamba mkoa mpya wa Njombe, wenye Makambako na Makete ndani yake, ulikuwa na maambukizi ya asilimia 14.8 kwa watu wazima wa miaka 15 hadi 49, kiwango cha juu kuliko mikoa yote, huku cha taifa kikiwa asilimia 5.1. Wakati huo Remmy alikwisha kuacha muziki wa dansi, akaimba nyimbo za Injili, akafariki Desemba 2010. Ninapozisoma takwimu hizo siwezi kudai kwamba wimbo ule ulimwokoa mtu yeyote pale kwetu. Ninachoweza kusema ni kwamba tangu usiku ule shangazi aliutaja UKIMWI kwa jina lake, hata msibani, hata mbele ya wazee waliomkatia maneno, na sikuwahi kumsikia akifanya hivyo kabla.

Mwalimu naye ninazidi kumheshimu kadiri ninavyokua. Swali lake lilikuwa halali, na halikupata jibu: maana ya wimbo ule nilikuja kuelezwa na wavulana wenzangu nyuma ya madarasa, nusu yake ikiwa uongo, na shuleni hakuna mtu mzima aliyekuja kuisahihisha.