Nilivyoijua historia ya nyumba ya mawe bila hati hata moja

Nyumba ya mawe aliyotuachia babu huko shamba haina hati inayosema ilijengwa lini. Kila niliyemuuliza alinijibu, "Si usome mwaka uliochongwa juu ya mlango!" Nikauamini, nikautangazia ukoo mzima. Ushauri huo ulinipotezea miezi. Siku nilipopanda ngazi kulisafisha jiwe lenyewe, niliona tarakimu ya mwisho imekatwa nusu ili jiwe litoshe. Nani achonge mwaka wa nyumba yake kisha aukate? Jiwe lilitoka kwenye jengo jingine.

Kilichonifungua macho ni tochi ndogo. Subiri usiku, zizime taa zote, ilaze tochi ubavuni kabisa mwa ukuta, mwanga upite juu ya mawe kama unayapangusa. Kila kishimo hutupa kivuli. Nilitembea nayo taratibu, na katikati ya ukuta ukajitokeza mshono ulionyooka toka sakafuni hadi darini, mawe ya pande mbili hayaumani hata mahali pamoja. Mwashi anayejenga kwa mkupuo mmoja hapangi hivyo, huyafunga mawe. Halafu upande wa kushoto wa mshono yamepangwa mawe makubwa ya mraba, yale yanayowekwa pembeni mwa nyumba. Basi pale ndipo palipokuwa pembe! Kushoto ni nyumba ya kwanza, kulia iliungwa baadaye. Nilipiga kelele peke yangu.

Darini nikapata uthibitisho. Boriti za kushoto zina makovu ya tezo na misumari ya kufuliwa, ya pembe nne. Za kulia zina mikwaruzo ya mviringo ya msumeno wa duara, na misumari ya waya iliyoenea mwishoni mwa karne ya 19. Lakini mbao nazo huhamishwa, kwa hiyo angalieni na udongo wa kujengea, ule unaoshikanisha mawe. Wetu ni chokaa, unakwanguka kwa ukucha, una vidonge vyeupe na chembe za mkaa wa tanuri. Viraka vya saruji ngumu ya kijivu ni vya juzi tu. Joseph Aspdin alipata hataza (haki ya mvumbuzi) ya saruji ya Portland, ile ya kijivu ya kawaida, huko Uingereza mwaka 1824, kwa hiyo kiraka cha saruji hiyo hakiwezi kuwa cha kabla ya hapo.

Fundi mmoja alisisitiza tupige lipu ya saruji ukuta mzima. Nilikataa katakata. Saruji ingefungia unyevu ndani, mawe yakaanza kubanduka, na mshono wangu ungezikwa. Nyufa nimeziba kwa chokaa. Mshono uko wazi, na watoto wakija huwashikisha mawe ya ile pembe ya zamani.