Tulivyouzuia uwanja wetu usigeuzwe fremu za maduka

Uwanja wa mtaani hauvamiwi kwa siku moja. Kwetu, pembezoni mwa Dar es Salaam, kilianza kibanda cha mkaa kwenye kona, likafuata kontena, na mwaka 2024 tukakuta lori limemwaga kokoto katikati ya magoli yetu ya mirunda na mafundi wanapiga kamba.

Vijana walitaka kuzitawanya kokoto usiku uleule. Mimi ni katibu wa timu ya veterani, na hasira nilikuwa nazo, lakini ukigusa mali ya mtu kesi inakugeukia: wewe unalala kituoni, yeye anaendelea kujenga. Tukakubaliana mazoezi yaendelee kama kawaida, huku tukitafuta karatasi.

Karatasi yenyewe ni mchoro wa mipango miji, yaani ramani inayoonyesha kila kipande kimetengwa kwa matumizi gani. Mtaani tulikuwa tukiambiwa jamaa anayejenga ana hati, basi yamekwisha. Wapi! Hati huweza kutolewa hata juu ya eneo la wazi, ila Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 ina utaratibu wake wa kubadili matumizi ya ardhi, na idhini hutoka kwa mamlaka ya upangaji. Afisa mipango miji aliponikunjulia mchoro mezani, kipande chetu kilikuwa kimepakwa kijani, yaani eneo la wazi. Namba ya mchoro niliiandika kiganjani, simu ilikuwa imezima. Nikaomba nakala yenye muhuri.

Mahakamani hatukukimbilia. Wakili jirani yetu alitueleza kwamba kuishtaki halmashauri kunatanguliwa na notisi ya siku 90, na Mwanasheria Mkuu wa Serikali lazima aunganishwe. Siku 90! Mwenye hela anakuwa keshafika kwenye renta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha.

Tukaandika barua ya ukurasa mmoja kwa Mkurugenzi wa Manispaa, nakala kwa Mkuu wa Wilaya, diwani na Kamishna wa Ardhi Msaidizi wa mkoa. Tuliambatisha mchoro, muhtasari wa mkutano wa wakazi na sahihi. Kila ofisi tulipeleka barua mbili: moja inabaki, nyingine inagongwa muhuri wa kupokelewa. Usipofanya hivyo, wiki ijayo unaambiwa barua haionekani.

Kazi ilikuwa kwenye sahihi. "Mwanangu, mpira ni wenu vijana, mimi sitaki ugomvi na matajiri," mzee mmoja aliniambia huku akinirudishia kalamu. Kina mama ndio waliotukwamua. Walitaka barua iseme kwamba hapo ndipo tunapofunga maturubai ya misiba na harusi, ndipo Maulidi husomwa, na watoto wadogo hawana pengine pa kuchezea isipokuwa barabarani. Tulipoiandika upya, yule mzee alisaini, na wanawe pia.

Tukapata na bahati ya kalenda: Novemba mwaka huo kulikuwa na uchaguzi wa serikali za mitaa. Kila aliyekuja kuomba kura aliulizwa msimamo wake kuhusu uwanja, mbele za watu. Sijui kipi kilisukuma zaidi, barua au kura, lakini manispaa ilikuja ikasimamisha ujenzi na kupiga X nyekundu kwenye tofali za msingi.

Sasa tunafuatilia mawe ya mipaka yarudishwe na bango la manispaa lisimikwe. Kontena bado lipo. Mwenyewe anasema ana kibali cha biashara, kwa hiyo hilo tumelifungulia faili lake.