Nyumba ya kina Olson, na yetu ya Pangani

Tangu nirudi Pangani, kila anayenipa mkono ananiuliza habari za theluji. Theluji ni baridi, basi. Natamani mtu aniulize habari za nyumba ya kina Olson.

Nilikuwa Portland, jimbo la Maine huko Marekani, mji wenye Wakongo wengi kiasi kwamba Kiswahili unakisikia hata kwenye foleni ya dukani. Ukifuata pwani kwenda kaskazini-mashariki, mwendo wa saa mbili hivi kwa gari, unafika Cushing. Hapo mlimani pana nyumba ya kina Olson, ya mbao iliyopauka, ghorofa tatu. Mchoraji wa Kimarekani Andrew Wyeth aliianza kuichora mwaka 1939 na hakuiacha kwa karibu miaka 30.

Wengi wanaijua picha moja tu, Christina's World ya 1948: mwanamke mwenye gauni la waridi, yuko chini nyasini, ametupa mgongo, anaitazama nyumba. Ni Christina Olson. Miguu ilikuwa imemshinda, na kiti cha magurudumu alikikataa, alitambaa. Nduguye Alvaro aliacha uvuvi akabaki shambani. Wyeth walimwachia chumba cha juu, akawa anaingia na kutoka kama mtoto wa nyumbani. Siku moja ya joto alifungua dirisha huko juu, upepo wa bahari ukalipeperusha pazia bovu. Ndiyo picha ya Wind from the Sea, ya 1947, na kwangu inaishinda ile maarufu. Alitumia rangi za unga alizozikoroga kwa kiini cha yai na maji, kazi ya polepole mno, na uzi wa pazia unauona mmoja mmoja.

Alvaro alifariki Desemba 1967, Christina akamfuata Januari. Mwaka huohuo wa 1968 Wyeth akachora Alvaro and Christina, na ndani yake hamna mtu. Mna mlango, ndoo, vikapu. Wahakiki wengine walimdharau, eti anabembeleza machozi. Nadhani walikosea. Wanaochora na kupiga picha nyumba zilizohamwa Marekani ni wengi, na wengi wao wanapenda rangi inayobanduka tu. Yeye aliijua ile ndoo tangu ilipokuwa ikitekwa maji.

Sasa nyumba yetu. Mawe na chokaa, ya enzi za fedha ya mkonge, paa limebonyea upande wa kisimani. Wageni wanaipiga picha, na mimi juzi nikajikuta nimetoa simu nafanya vilevile. Ndani kulikuwa na karai lililotoboka.

"Shangazi, hili lilikuwa la nani?"

"La babu yako, akiwanyweshea mbuzi. Kwani wewe ulikuwa wapi?"

Nikarudisha simu mfukoni.

Nyumba ya Cushing sasa iko chini ya makumbusho ya Farnsworth ya Rockland, na Wyeth mwenyewe, aliyefariki 2009, amezikwa karibu na kina Olson. Yetu haina makumbusho. Ina mirathi isiyogawanywa na warithi waliotawanyika Tanga, Mombasa na Muscat. Binamu yangu mmoja ana mnunuzi anayetaka kujenga hoteli. Shangazi hataki kusikia. Kikao ni Ijumaa baada ya swala, nami nimeshawaambia upande wangu: tuezeke kwanza, bei tutazungumza mvua zikipita.